Siku Moja au Mbili Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wageni wanaokuja Mombasa kwa muda mfupi: aliyetumwa kikazi akabakiwa na Jumamosi, aliyekuja harusini, na anayeshuka melini asubuhi akitakiwa kurudi jioni. Anayejibu ni mkazi wa kisiwani, na majibu yake yana upendeleo ambao ni afadhali utajwe mapema: yanamfaa zaidi mtu anayeamka mapema, anayekubali kutembea kwa miguu, na asiyeona unyonge kuondoka akiwa hajaona kila kitu.

Je, siku moja inatosha?

Inatosha kwa kisiwa, haitoshi kwa kisiwa pamoja na pwani za kaskazini na kusini. Mombasa imeungana na bara kwa daraja la Nyali upande wa kaskazini, kwa njia ya Makupa upande wa magharibi, na kwa feri ya Likoni upande wa kusini, na kila unapovuka mojawapo ya njia hizo wakati watu wanakwenda au wanatoka kazini, unaweza kuipoteza saa nzima ukitazama mgongo wa gari lililo mbele yako. Kwa hiyo mwenye siku moja abaki kisiwani: asubuhi ngome ya Fort Jesus na Mji wa Kale, adhuhuri apumzike kivulini, alasiri sokoni, na magharibi imkute Mama Ngina, ukingoni mwa mkondo wa Likoni. Mwenye siku mbili achague upande mmoja tu wa bara kwa siku ya pili. Anayejaribu ufuo wa Diani, kusini, asubuhi na wa Bamburi, kaskazini, jioni atarudi kwao na kumbukumbu za msongamano wa magari.

Asubuhi nianzie wapi?

Anza na mahamri na mbaazi za nazi katika mkahawa wowote mdogo ulio na watu wengi. Mahamri ya Mombasa hukandwa kwa tui na iliki, na mbaazi hupikwa kwa tui zito. Ni chakula cha asubuhi hasa, na ukichelewa hadi saa 4 huenda ukaambiwa zimekwisha. Kisha nenda Fort Jesus, ambayo hufunguliwa saa 2. Saa mbili za mwanzo zina thamani kubwa, kwa sababu ua wa ngome una kivuli kidogo, na ifikapo saa 5 mawe yake yamekwisha kushika moto.

Ndani ya Fort Jesus kuna nini cha kutazama zaidi ya kuta na mizinga?

Kuna mengi, na ni hasara kuona wageni wakipiga picha mbili juu ya mzinga na kutoka. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Italia, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari ya zamani. Ramani yake ina umbo la mtu aliyelala, kichwa kikielekea baharini. Wenyeji hawakuipokea kwa furaha. Mwaka 1631 mtawala wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea Goa, India, na kumbatiza kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliwageuka, akamuua kapteni wao na kuitwaa ngome, kisha akaihama mwaka uliofuata.

Mzingiro mkubwa zaidi ulianza Machi 1696, pale Waomani walipoizunguka ngome na kuing'ang'ania hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Katika vita hivyo meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyotoka Goa kuleta msaada, ilizama mwaka 1697 mbele ya ngome. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280 hadi wapiga mbizi wa akiolojia walipoanza kuichimbua mwaka 1977, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimo katika makumbusho ya ngome. Mimi humshauri kila mgeni avitazame hivyo kwanza, kisha atoke nje asimame ukutani na kuyatazama maji yaliyo chini yake, kwani hapo ndipo vilipotoka.

Tafuta pia michoro ya ukutani iliyoachwa na askari na mabaharia wa Kireno, ambao bila shaka walikuwa na muda mwingi na kazi chache: meli, makanisa na watu, vyote vimechorwa kwa rangi nyeusi na nyekundu. Nyumba ya Waomani, iliyo ndani ya ngome, ina mandhari nzuri ya bahari na vyumba vyenye ubaridi. Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jipe saa 2 kamili.

Je, nahitaji mtu wa kunitembeza?

Ndani ya ngome, mtembezaji mzuri huongeza mengi. Muulize kitambulisho chake cha kazi, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza, na mkubaliane kama bei hiyo ni ya mtu mmoja au ya kundi. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kumpokea mgeni wangu akiwa amefura kwa hasira baada ya kutozwa mara nne ya alichodhani wamepatana, na ukweli ni kwamba hawakuwa wamepatana chochote. Walikuwa wamechekeana tu langoni. Mji wa Kale, kwa upande wake, unaweza kuutembea peke yako mchana, na ukipotea utatokea ama baharini ama barabarani.

Katika Mji wa Kale nipite njia gani?

Toka Fort Jesus uingie Barabara ya Sir Mbarak Ali Hinawy, ambayo zamani iliitwa Vasco da Gama. Utaupita Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa mwaka 1570 hivi, wenye mnara unaochongoka kuelekea juu, usiofanana na minara mingi uliyoizoea. Endelea hadi uwanja ulio mbele ya Bandari ya Kale. Hapa ndipo Mombasa ilipopokea majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi kwa karne nyingi: yakija na upepo wa kaskazi, yakirudi na wa kusi. Karibu na maji ipo Leven House, nyumba iliyochukua jina la meli ya Kiingereza ya nahodha Owen, aliyetangaza mwaka 1824 kuwa Mombasa iko chini ya ulinzi wa Uingereza. Ulinzi huo ulidumu miaka miwili tu, kwa sababu London haikuukubali.

Kutoka hapo rudi kwa Ndia Kuu. Jina hili lina somo la lugha kwa mgeni anayejua Kiswahili cha shuleni: katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na anayekuita kwa kusema «Ndoo!» hakupi ndoo ya maji, anakuambia njoo. Katika Ndia Kuu tembea ukiinua macho, kwa maana uzuri wa mtaa huu uko ghorofani: roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia, nyingine zikiwa na nakshi ya Kihindi, na chini yake milango ya kuchonga na vibaraza vya mawe ambako wazee hukaa jua linapopungua. Baadhi ya nyumba zimekarabatiwa vizuri, nyingine zinaanguka, na hapa na pale utaona jengo jipya la saruji lililojiingiza katikati kama mgeni asiyealikwa.

Njia nzima ni fupi na mtu mwenye haraka angeimaliza kwa nusu saa. Wewe itembee kwa saa 2, usimame unaposalimiwa, na uitikie. «Salaam aleikum» na «Shikamoo» kwa wazee zitakufungulia milango ambayo kamera itaifunga.

Nivae vipi, na je, ninaweza kuingia misikitini?

Mji wa Kale ni mtaa wa watu wanaoishi, wengi wao Waislamu, kwa hiyo mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake sawa. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Asiye Mwislamu asiingie msikitini bila kuomba ruhusa, na asiombe wakati wa swala, hasa Ijumaa adhuhuri, ambapo maduka mengi hufungwa kwa muda. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, lakini baada ya magharibi mitaa huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na mwenye subira hadi jioni atakula vizuri zaidi kuliko aliyekuja mwezi mwingine.

Je, zile pembe kubwa za barabarani zinafaa kutembelewa?

Pembe za Moi Avenue zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Si pembe za ndovu, ni za alumini. Piga picha ukiwa unapita, uendelee na safari.

Nile nini, na saa ngapi?

Saa ndiyo muhimu, kwani Mombasa haipiki kila kitu kila wakati. Asubuhi ni mahamri, mbaazi na chai ya maziwa. Adhuhuri ni pilau au biriani, na wengi huila Ijumaa. Biriani ya hapa huletwa wali upande wake na mchuzi mzito wa nyama upande wake katika sahani moja, nawe huchanganya mwenyewe. Samaki wa kupaka, anayechomwa kisha akapakwa tui lililokolezwa viungo, anastahili kusubiriwa, kwa hiyo usiagize ukiwa na haraka ya treni.

Alasiri hadi usiku ni zamu ya vyakula vya mtaani: viazi karai vilivyochovywa katika unga wa manjano na kukaangwa, vinavyoliwa kwa chatne ya ukwaju, mishikaki, bhajia, mkate wa sinia, kaimati zilizotiwa shira. Chagua meza ambayo mafuta yanachemka mbele yako na wateja hawakatiki, kwani chakula kinachotoka moto kwa haraka hakina muda wa kuharibika. Kisha mtafute muuza kahawa mwenye mdila wa shaba juu ya makaa. Kahawa yake huitwa kahawa tungu, haitiwi sukari, nawe huupata utamu kwa kashata au tende utakayotafuna pembeni. Kaa naye. Ukinywa vikombe 3 vidogo utakuwa umesikia habari za mtaa, za siasa na za mpira bila kununua gazeti.

Je, ninaweza kuitembelea bandari yenyewe?

Bandari ya Kilindini ni eneo la kazi lenye ulinzi, si mahali pa matembezi. Lakini jina lake linaeleza kwa nini ipo pale: kilindi ni maji yenye kina kirefu, na upande huu wa magharibi wa kisiwa una kina ambacho Bandari ya Kale, iliyo mashariki, haikuweza kukitoa meli zilipokuwa kubwa. Reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ndiyo iliyoifanya Mombasa kuwa lango la bara, na hadi leo mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia hapa.

Ukitaka kuziona meli, nenda Mama Ngina kuanzia saa 10 alasiri. Mahali hapa, ambapo wenyeji wengi bado hupaita Lighthouse, palijengwa upya mwaka 2019, na mibuyu mikongwe iliachwa isimame. Mkondo wa kuingilia bandarini ni mwembamba, kwa hiyo meli ya makontena ikiingia hupita karibu kiasi kwamba unaweza kusoma maandishi ubavuni na kuwaona mabaharia wakikutazama. Watoto huzipungia mkono, na watu wazima pia, ijapokuwa hukana. Nunua dafu, au kachiri za mihogo zilizonyunyiziwa pilipili na ndimu, ukae juu ya ukuta. Kama nafasi ingeniruhusu kumwonyesha mgeni jambo moja tu Mombasa, ngome ingesubiri, ningemleta hapa saa 11 jioni.

Feri ya Likoni ni salama, na inagharimu kiasi gani?

Abiria wa miguu halipi nauli, magari hulipa. Kuvuka ni dakika chache, lakini kusubiri kunaweza kuwa kurefu, hasa asubuhi na jioni, na feri zenyewe husimama kuipisha meli kubwa inayopita mkondoni. Ukitaka kuvuka kwa raha tu, nenda kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mfuko na simu uvishike mbele yako, na usipige picha feri wala gati, kwani imekatazwa na askari hawana mzaha. Anayekwenda Diani kwa gari anaweza pia kupita barabara ya Dongo Kundu, inayouzunguka mkondo wote.

Nataka kuogelea. Niende wapi?

Kisiwani hakuna ufuo wa maana wa kuogelea, na hili huwashangaza wengi. Vuka daraja la Nyali. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, unaojulikana pia kama Pirates, una watu, ngamia, maboya ya kukodisha na kelele za furaha, hasa wikendi. Anayetaka utulivu atafute njia za kuingia ufukweni upande wa Nyali siku za kazi.

Kabla ya kupanga, tazama maji. Bahari hapa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu huzidi mita 3. Mgeni anayefika ufukweni maji yakiwa yamekupwa atakuta uwanja wa majani na mawe hadi karibu na mwamba, atadhani amedanganywa na picha za hoteli. Mwulize mvuvi au mhudumu wa hoteli saa za maji kujaa, uende wakati huo kuogelea. Maji yakipwa ndiyo nafasi ya kutembea kuelekea mwambani, ukiwa umevaa viatu, kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambao wakikuchoma utaikumbuka safari kwa sababu nyingine. Sehemu ya bahari hii ni Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Mashua zenye sakafu ya kioo hukupeleka kuwaona samaki na matumbawe, na kuna ada ya kuingia hifadhini mbali na bei ya mashua. Hakikisha umeambiwa zote mbili.

Nina watoto. Kuna kitu kwa ajili yao?

Haller Park, Bamburi. Ilikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, ardhi iliyokuwa tupu kama meza, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sasa ni msitu wenye twiga, viboko, nyani na kobe wakubwa. Hapa ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na mama yake baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee aliyeitwa Mzee kana kwamba ndiye aliyemzaa. Uliza langoni saa za kulisha twiga, kwani watoto hawasahau ulimi wa twiga.

Kuna mahali pa historia nje ya kisiwa panapofikika kwa nusu siku?

Pako Jumba la Mtwana, kaskazini mwa Mtwapa, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14 yaliyo kando ya bahari chini ya mibuyu. Wageni ni wachache, na msikiti uliobaki ukitazama bahari unatosha kuitwa sababu ya safari. Ukiwa njiani, mara tu baada ya daraja la Nyali, utapita Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani.

Nitasafiri vipi mjini, na nilipe kwa nini?

Tuktuk, ambayo msomaji wa Tanzania anaijua kama bajaji, ndiyo rahisi zaidi kisiwani. Patana nauli kabla ya kukaa. Matatu ni nafuu na huenda kila mahali, ila nauli hupanda mvua ikinyesha. Malipo mengi hufanywa kwa M-Pesa, na ada za maeneo ya serikali zimehamia kwenye malipo ya mtandaoni, lakini uwe na noti ndogo kwa dafu na kahawa. Usije na mifuko ya plastiki: imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Ni miezi gani mizuri?

Kuanzia Julai hadi Septemba kuna upepo wa kusi na ubaridi wa kiasi, ingawa bahari huchafuka. Januari na Februari bahari ni tulivu na safi, na joto ni kali. Aprili na Mei ni masika. Njia za Mji wa Kale hujaa maji, na aliyekuja kwa ajili ya ufuo atasikitika.

Ninunue nini, na wapi?

Leso, yaani kanga, katika Mtaa wa Biashara. Huuzwa kwa jozi isiyokatwa. Utaikata na kuipeleka kwa fundi cherehani aliyekaa nje ya duka, naye ataipinda wakati unangoja. Soma jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Nimemwona mgeni akimnunulia mama mkwe leso yenye rangi za kupendeza na maneno ya kumsuta, na muuzaji, kwa adabu au kwa ukorofi, akanyamaza. Viungo vinunue katika soko la Marikiti, ukinusa kabla ya kupima: iliki iwe ya kijani na mdalasini uwe wa vijiti, kwani ya unga huwezi kuijua imechanganywa na nini.

Nina saa chache tu kati ya meli na treni. Nifanyeje?

Acha mizigo, chukua tuktuk hadi Fort Jesus, usiingie ngomeni ikiwa una chini ya saa 3, tembea Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale, unywe kahawa, urudi. Kituo cha SGR, treni ya kisasa ya kwenda Nairobi, kiko Miritini, bara upande wa magharibi, na ukaguzi wa mizigo huchukua muda, kwa hiyo toka mjini zikiwa zimebaki saa 2 na nusu kabla ya treni kuondoka. Halua inunue kabla ya kupanda tuktuk ya kwenda kituoni, uiombe ifungwe mara mbili. Samli yake hupenya karatasi, na nguo zilizo mkobani huinyonya kabla hujafika Voi.